Viwavi wa Nyanya: Watafutwe Chini ya Jani Kabla Hawajaingia Katika Tunda

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Neno hili lawafaa sana watu wapandao nyanya, wawe ni wale wenye shamba la eka nzima huko Kirinyaga au Loitokitok, au wale wenye miche 20 tu nyuma ya nyumba mjini. Maana kiwavi wa nyanya ana siku chache ambazo mkulima aweza kumshinda kwa urahisi. Siku hizo zikipita, huingia ndani ya tunda, na huko ndani hakuna mkono wala dawa imfikayo vema. Katika somo hili wasomaji wataelezwa kiwavi hutoka wapi, wako wa namna gani, na kazi ipi yafaa kufanywa siku ipi.

MFANO WA WIFI WAWILI

Na uchukuliwe mfano wa wifi wawili wa upande wa Taveta, ambao mashamba yao yapakana na mfereji mmoja wa maji. Kila mmoja alipanda miche 60 ya nyanya katika juma moja. Wote wawili walipalilia, wote walitia mbolea ya ng'ombe, na wote walinyeshea maji kwa zamu zao. Mtu apitaye njiani asingeweza kusema shamba lipi ni bora kuliko lingine.

Yule wa kwanza alikuwa na haja kubwa na nyanya zile, kwa kuwa ndizo alizozitegemea kulipa karo ya mwanawe wa pili katika muhula wa tatu. Kila jioni alisimama kandokando ya shamba, akaona matunda ya kijani yakining'inia, akafurahi, akaenda zake kupika. Hakuwa mvivu hata kidogo. Kosa lake lilikuwa moja tu: alitazama matunda, wala hakutazama majani.

Juma moja kabla ya soko alichuma nyanya moja iliyoanza kuiva, akaiona ni nyepesi mkononi. Karibu na kikonyo palikuwa na tundu la duara, na alipoipasua alimkuta kiwavi mnene amejikunja katikati ya uchafu wake. Akachuma nyingine, na nyingine tena. Katika kila nyanya 10, tatu au nne zilikuwa zimetobolewa. Siku ile ile akaenda dukani akanunua dawa, na kwa hofu yake akatia vipimo viwili badala ya kimoja. Alhamisi jioni akanyunyizia shamba zima, akikusudia kuchuma na kuuza siku ya Jumamosi.

Wifi yake alipopita na ndoo ya maji alisikia harufu ya dawa, akasimama.

"Wifi yangu, karatasi ya chupa hiyo yasemaje juu ya siku za kungoja?"

"Yasema siku saba."

"Na Jumamosi ni kesho kutwa. Nyanya hizi atakula nani?"

"Watakula watu wa Mombasa, wifi. Hazitabaki hapa."

"Na mwanao wa kwanza aliyeko Mombasa, yeye hununua nyanya wapi?"

Yule mama hakujibu neno. Akaliweka bomba chini, akakaa kitako juu ya tuta. Jumamosi ile nyanya zake hazikwenda sokoni, na siku saba zilipotimia nyingi zilikuwa zimekwisha oza. Karo ililipwa kwa kuuza mbuzi.

Shamba la wifi yake lilikuwa na viwavi vile vile, kwa maana nondo hajui mpaka. Lakini hasara yake ilikuwa ndogo mno. Sababu yake ndiyo maana ya somo hili.

KIWAVI HUTOKA WAPI

Wako watu wadhanio kwamba kiwavi huletwa na mvua, au hutoka katika samadi, au huzuka tu ndani ya nyanya iliyoiva. Sivyo. Kila kiwavi alitoka katika yai, na kila yai lilitagwa na nondo, yaani mdudu mfano wa kipepeo arukaye usiku na kuizunguka taa. Maisha yake yana hatua nne: yai, kiwavi, bundo, kisha nondo mwenyewe.

Nondo jike huja shambani jua likiisha kutua. Hutaga mayai yake juu ya majani machanga na karibu na maua. Yai ni dogo kama nukta ya kalamu, nalo ni jeupe au la manjano kidogo. Likikaribia kuanguliwa hugeuka rangi likawa la kahawia. Mahali pa joto yai huanguliwa baada ya siku tatu hadi tano. Hutoka kiwavi mwembamba kama uzi, ambaye kwa siku za kwanza hula majani na maua tu.

Hapo ndipo mlango wa mkulima ulipo wazi. Kiwavi akiwa juu ya jani aonekana, ashikika, na dawa yamfikia. Lakini akikua kidogo hutoboa tunda changa, mara nyingi karibu na kikonyo, akaingia. Tena hatosheki na moja, bali hutoka katika nyanya hii akaingia katika ile. Baada ya majuma mawili hadi manne huwa amefika urefu wa sentimita 3 au 4. Ndipo hushuka chini, akajifukia katika udongo, na kugeuka kuwa bundo, kitu kigumu cha rangi ya kahawia, kinachofanana na kokwa ya tende. Bundo halili wala halitembei. Baada ya majuma mawili hivi hutoka humo nondo mpya, naye huruka kwenda kutaga.

Na ifanywe hesabu ndogo. Nondo jike mmoja wa namna hii aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 katika maisha yake mafupi. Tuseme ametaga 1,000 hasa, na kwamba 990 wamekufa kwa mvua, kwa chungu na kwa ndege. Wamesalia 10. Kila mmoja akitoboa nyanya nne tu, zimeharibika nyanya 40. Naye huyo ni nondo mmoja. Mkulima aliyefuta yai moja kwa kidole leo ameokoa nyanya za mwezi ujao.

WATATU WALIO WABAYA ZAIDI

Mkulima asipomjua adui yake humpiga asiye adui. Katika minyanya ya Kenya wako viwavi watatu ambao yafaa kuwapambanua.

1. Mkata miche. Huyu hukaa katika udongo mchana, naye ni wa rangi ya kijivu au nyeusi-nyeusi, mwenye ngozi laini. Akiguswa hujikunja kama pete. Usiku hutoka akakata mche mchanga pale unapotoka ardhini, kana kwamba umekatwa kwa kisu. Asubuhi mkulima hukuta mche umelala chini. Asiutupe na kupanda mwingine papo hapo, maana adui bado yupo. Achimbue udongo kwa vidole kuuzunguka mche ule, kwa kina cha sentimita chache, naye atamkuta amelala ameshiba. Njia ya kumzuia ni kuuvika kila mche kola ya karatasi ngumu au ya kopo lililokatwa pande zote mbili, nusu yake iingie udongoni na nusu ibaki juu.

2. Mtoboa nyanya. Huyu ndiye aliyemtia hasara yule mama wa Taveta. Rangi yake si moja. Yuko wa kijani, wa kahawia, wa manjano na hata wa wekundu kidogo, lakini kila mmoja ana mistari mirefu ubavuni. Ndiye yule yule aonekanaye katika ncha ya gunzi la mahindi mabichi, na ndiye wakulima wa pamba wamwitaye funza wa vitumba. Hupenda pia mbaazi, maharagwe na alizeti. Dalili zake ni maua yaliyoliwa, vinyesi vibichi juu ya majani, na tundu la duara katika tunda. Mara nyingi huonekana kichwa chake kimo ndani ya nyanya na nusu ya mwili iko nje.

3. Mchimba majani. Huyu ni mgeni, naye ndiye mdogo kuliko wote, hazidi sentimita moja. Kwao ni Amerika ya Kusini, na wataalamu walimwandika mara ya kwanza mwaka wa 1917 kutokana na nondo waliopatikana Peru. Mwaka wa 2006 alionekana Hispania, akavuka Bahari ya Kati mpaka Afrika ya Kaskazini, na kufikia mwaka wa 2014 alikuwa amekwisha ingia Kenya. Watu wengi wa Kenya humwita Tuta, kwa jina lake la kitaalamu, na wakulima wa Tanzania wamempa jina la kantangaze. Kiwavi chake huishi katikati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini ya jani, akila nyama ya jani na kuacha mabaka meupe yanayopitisha nuru. Baadaye mabaka hukauka, na shamba zima huonekana kana kwamba limepigwa na moto. Huingia pia katika vichipukizi na katika matunda, kwa matundu madogo kama ya sindano.

Mara chache huonekana kiwavi mwingine, mkubwa wa kutisha, mnene kama kidole na mwenye pembe mkiani. Wengi humwogopa, lakini pembe ile haichomi. Aondolewe kwa mkono, yatosha.

Tena kuna ugonjwa usio wa kiwavi kabisa. Nyanya ikiwa na doa jeusi lililobonyea upande wa kitako, mbali na kikonyo, wala haina tundu wala vinyesi, hiyo si kazi ya mdudu. Aghalabu ni kwa sababu mmea hupewa maji mengi leo na kuachwa mkavu siku nyingi, hata chokaa ya udongoni isilifikie tunda. Anayenyunyizia dawa ya wadudu hapo amemwaga fedha zake chini.

KAZI YA ASUBUHI

Yule wifi wa pili hakuwa na siri kubwa. Mara mbili kila juma, mapema kabla jua halijawa kali, aliingia shambani na kopo lenye maji na sabuni. Hakusimama njiani. Alipita mstari kwa mstari, akigeuza majani kwa mkono na kutazama chini yake, hasa majani ya juu yaliyo karibu na maua. Yai aliloliona alilifuta kwa kidole. Kiwavi aliyemwona alimtia katika kopo. Jani lenye mabaka meupe alilikwanyua. Tunda lenye tundu alilichuma hata likiwa dogo, kwa kuwa kumwacha kiwavi ndani yake ni kumpa nyumba na chakula mpaka atoke kwenda nyumba ya pili.

Kazi ile haikumchukua zaidi ya muda wa kuchemka chai. Mtu mwenye miche 60 aweza kuitazama yote. Mwenye shamba kubwa hawezi, lakini aweza kutembea kwa kwenda upande huu na upande huu, na kutazama miche 30 iliyo mbalimbali. Akikuta mayai na viwavi vichanga katika michache tu, mkono watosha. Akikuta katika mingi, hapo ndipo shauri la dawa liingiapo.

Matunda na majani yaliyoondolewa yasitupwe kandokando ya shamba, maana kiwavi ana miguu. Yatiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa barabara na kuachwa juani mpaka yaoze kwa joto, au yafukiwe katika shimo refu. Vivyo hivyo, mavuno yakiisha, minyanya ya zamani ing'olewe upesi na kufukiwa. Mashina yaliyoachwa yamesimama baada ya mavuno ndiyo shule wasomamo viwavi vya msimu ujao.

KAZI YA KABLA YA KUPANDA

Vita hivi huanza kabla ya mche wa kwanza kutiwa ardhini.

Kwanza, shamba lilimwe majuma mawili au zaidi kabla ya kupanda, na magugu yaondolewe. Udongo ukipinduliwa mabundo na viwavi mkata miche hufunuliwa, nao jua, kuku na ndege humaliza kazi.

Pili, nyanya zisifuate nyanya, wala zisifuate ndugu zake. Ndugu za nyanya ni viazi ulaya, biringani, pilipili, tumbaku na mnavu. Mchimba majani hukaa katika hao pia, akingojea. Baada ya nyanya yafaa kupanda vitunguu au kabichi. Mahindi na maharagwe yafaa pia kwa kumfukuza mchimba majani, ila mkulima akumbuke kwamba mtoboa nyanya huyapenda, kwa hiyo asizembee kutazama.

Tatu, miche itoke katika kitalu kisafi. Wakulima wengine hufunika kitalu kwa wavu wenye matundu madogo sana ili nondo wasiingie. Kabla ya kununua miche ya mtu mwingine, yageuzwe majani yake. Mche wenye mabaka ukatawaliwe huko huko ulikotoka.

Nne, minyanya isimikiwe vigingi na kufungwa, na machipukizi ya ziada yaondolewe. Mnyanya uliosimama hupata upepo, na majani yake ya chini yaonekana. Mnyanya uliolala chini ni kichaka cha kuwaficha adui.

RAFIKI WASIOLIPWA MSHAHARA

Si kila mdudu aliye katika mnyanya ni mwizi. Wako wanaomlinda mkulima bure, nao ni buibui, vunjajungu, chungu na nyigu. Wako nyigu wadogo mno, wadogo kuliko punje ya mtama, ambao hutaga mayai yao ndani ya yai la nondo, na badala ya kiwavi hutoka nyigu. Wengine hutaga ndani ya kiwavi aliye hai. Mkulima akimwona kiwavi mnyonge, mwenye vijifuko vyeupe mgongoni au ubavuni vinavyofanana na punje za mchele, asimuue. Kiwavi yule amekwisha kufa ila bado anatembea, na katika vijifuko vile watatoka nyigu wa kuwatafuta wenzake.

Kwa ajili ya mchimba majani, wataalamu wa kituo cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, waliwaleta kutoka Peru nyigu wadogo wanaomwandama mdudu huyo katika nchi ya kwao, wakawafungulia katika mashamba ya Kenya. Hii ni akili njema, kwamba mgeni mbaya afuatwe na askari wa kwao. Lakini dawa kali huua askari pamoja na mwizi, na tena askari hufa kwanza.

HABARI YA DAWA

Miaka ya 1950 dawa iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa DDT. Paul Müller wa Uswisi, aliyegundua mwaka wa 1939 kwamba huua wadudu, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1948. Wakulima walidhani vita vimekwisha. Baadaye ikaonekana kwamba haiozi upesi, kwamba hukusanyika katika mafuta ya wanyama na ya binadamu, na kwamba wadudu wengi waliizoea hata isiwadhuru tena. Siku hizi hairuhusiwi katika kilimo. Funzo lake bado lasimama: dawa itumikayo kila siku huwafundisha wadudu kuishi nayo. Mtoboa nyanya na mchimba majani wote wawili wamekwisha zoea dawa nyingi.

Kwa hiyo na zianzwe zile zilizo pole. Ya kwanza ni mwarobaini. Kokwa za mwarobaini zilizokaushwa kivulini hutwangwa. Gramu 500 za unga wake hulowekwa katika lita 10 za maji usiku kucha, huchujwa kwa nguo, hutiwa sabuni kidogo, na kunyunyiziwa jioni. Haimuui kiwavi mara moja, bali humkatisha hamu ya kula na kumzuia asikue. Mkulima asiye na subira husema haifai, kumbe yafanya kazi kimya kimya.

Ya pili ni dawa itokanayo na vijidudu vya udongoni viitwavyo Bacillus thuringiensis, ambavyo madukani hujulikana kwa herufi mbili, Bt. Jina hilo lilitoka katika jimbo la Thuringia huko Ujerumani, ambako Ernst Berliner alivichunguza mwaka wa 1911 katika viwavi vya unga. Kiwavi akila jani lenye dawa hii huacha kula baada ya saa chache, akafa baada ya siku mbili tatu. Haidhuru watu wala nyuki. Lakini ina masharti mawili. Jua huiharibu, kwa hiyo inyunyiziwe jioni. Na ni lazima iliwe, kwa hiyo yafaa kwa viwavi vichanga vilivyo juu ya majani. Aliye ndani ya tunda hailambi.

Kwa mchimba majani upo pia mtego wa harufu. Ni beseni la maji yenye sabuni, ambalo juu yake hutundikwa kidonge chenye harufu ya nondo jike. Madume huja wakitafuta mke wakaanguka majini. Mtego huu humjulisha mkulima ya kwamba adui amefika, hata kabla jani halijaonyesha alama.

Maji ya tumbaku, ambayo watu wengine huyatengeneza nyumbani, si mazuri. Ni sumu kwa anayeyashika, na tumbaku yaweza kuambukiza minyanya ugonjwa wa majani ya mabaka.

Ikilazimu kutumia dawa kali, mambo haya yashikwe:

Inunuliwe dawa iliyosajiliwa na Bodi isimamiayo dawa za wadudu, ambayo iliwekwa kwa sheria ya Kenya ya mwaka 1982, nayo iwe katika chupa yake yenye karatasi yake. Dawa iliyopimwa katika chupa ya soda ni mauti yaliyofichwa nyumbani.

Itazamwe rangi ya mshipi ulio chini ya karatasi. Nyekundu ni hatari kubwa, manjano hufuata, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo kuliko zote.

Kipimo kisizidishwe. Vipimo viwili havimuui kiwavi mara mbili, bali humdhuru anayenyunyizia na anayekula.

Anayenyunyizia avae nguo za mikono mirefu, viatu vya mpira, mifuko ya mikono, na kitambaa au chombo cha kufunika pua na mdomo. Upepo uwe mgongoni pake. Asile, asivute sigara, wala asizibue bomba kwa mdomo. Akimaliza, aoge kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto.

Inyunyiziwe jioni, nyuki wakiisha kurudi mzingani. Nyanya hushika tunda vizuri zaidi wadudu kama nyuki wakiyatikisa maua yake.

Dawa ya namna moja isirudiwe msimu mzima. Bwana Shamba aulizwe ni ipi iliyo ya ukoo mwingine, maana majina mengi ya dukani ni dawa ile ile moja katika nguo mbalimbali.

Chupa tupu itobolewe, isitiwe maji wala maziwa wala mafuta.

Na la mwisho, siku za kungoja zihesabiwe. Zimeandikwa katika karatasi ya chupa, nazo ndizo siku ambazo hazina budi kupita tangu kunyunyizia mpaka kuchuma. Kuosha nyanya hakuzipunguzi siku hizo, kwa kuwa dawa nyingine huingia ndani ya ngozi. Asemaye kwamba nyanya zake zitaliwa na watu wa mbali hajui watu wa mbali ni nani. Sokoni kila mtu ni jirani ya mtu.

MWISHO WA MFANO

Msimu uliofuata yule mama wa kwanza alipanda tena miche 60. Alilima mapema, akayafukia mashina ya zamani, akavika miche kola za makopo. Jumatatu na Ijumaa, kabla ya jogoo wa mwisho kunyamaza, aliingia shambani na kopo lake la maji na sabuni, na mara nyingi wifi yake alimsikia ng'ambo ya mfereji akihesabu kwa sauti. Alinyunyizia Bt mara mbili, jioni, viwavi vikiwa vichanga. Nyanya chache zilitobolewa. Hakuna shamba lisilotoa zaka kwa wadudu. Zilizobaki alizichuma bila hofu. Kabla ya kuzipakia katika sanduku la kupelekwa Mombasa, alichagua ndoo moja ya zile zilizo nzuri zaidi, akamwambia mwenye gari, "Hizi ni za mwanangu."

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Ni katika siku zipi kiwavi aweza kuuawa kwa urahisi, na kwa nini?
2. Mche ukikutwa umekatwa asubuhi, adui atafutwe wapi?
3. Mtoboa nyanya na mchimba majani hupambanuliwa kwa dalili gani?
4. Kwa nini kiwavi mwenye vijifuko vyeupe mgongoni aachwe hai?
5. Dawa imenyunyiziwa Jumatatu, na karatasi ya chupa yasema siku saba. Nyanya zaweza kuchumwa lini?

Atakayeweza kuyajibu maswali haya matano bila kurudia kusoma, na aende shambani kesho asubuhi akageuze jani.